Mwasisi Asiye na Sura: Ni Nani Hasa Aliyeianzisha Chicago?

Pioneer Court ni uwanja wazi ulio kando ya mto Chicago, pale barabara ya Michigan inapovuka mto kuelekea kaskazini. Watalii hupita hapo kutwa kucha wakielekea madukani. Kwenye uwanja huo kuna sanamu ya shaba, kichwa na mabega tu, ya mwanamume mweusi aitwaye Jean Baptiste Point DuSable. Ni kazi ya mchongaji Erik Blome, ilizinduliwa Oktoba 2009, na jiji liliipokea kama zawadi kutoka kwa Lesly Benodin, mfanyabiashara mzaliwa wa Haiti. Anayeenziwa hapo ni mwasisi wa Chicago.

Uso huo ni wa kubuni. Hakuna picha yoyote ya DuSable iliyochorwa akiwa hai. Mchoro unaorudiwarudiwa vitabuni ulichapishwa mwaka 1884, miaka 66 baada ya kifo chake, na aliyeuchora hakuwahi kumwona. Blome naye hakuwa na pa kushika ila mawazo yake.

Kutoka kwenye sanamu hadi darajani ni hatua chache. Tangu mwaka 2010 daraja hilo linaitwa DuSable. Lakini kwenye vibanda vya mawe vilivyo pembe zake nne kuna michongo mikubwa iliyowekwa mwaka 1928, na mmoja wao, upande wa kaskazini, unamwonyesha mzungu akiongoza kundi la watu porini. Maandishi yake yanamtaja John Kinzie, mfanyabiashara wa manyoya ya wanyama, kuwa mmoja wa majasiri waliohatarisha maisha yao kulipasua pori na kuandaa udongo kwa mbegu za ustaarabu ujao. DuSable hatajwi. Kwa hiyo daraja lina jina la mtu mmoja na sifa za mwingine, na kinachochekesha ni kwamba watu hao wawili waliishi katika nyumba ileile, mmoja baada ya mwenzake.

Wengi wanaobishana juu ya sanamu hii hubishana kana kwamba suala ni rangi ya ngozi peke yake. Rangi imo, tena sana. Ila chini yake kuna swali gumu zaidi ambalo kila mji wenye mnara wa mwasisi hulikwepa: mtu hufanya nini hasa hadi aitwe mwanzilishi wa mji?

Karatasi zinasema nini

DuSable hakuacha shajara wala kumbukumbu za maisha yake. Tunamjua kupitia maandishi ya watu wengine, na hayo ni haba. Alikozaliwa hakujulikani kwa hakika. Haiti, iliyoitwa Saint-Domingue enzi hizo, ndiyo inayotajwa zaidi, na kuna mwanahistoria wa miaka ya 1930 aliyeona uwezekano wa asili yake kuwa Kanada, kwenye ukoo wa Wafaransa wa huko. Mwaka wa kuzaliwa haupo popote; makadirio mengi yanasema kabla ya 1750. Yale masimulizi matamu ya baba baharia na masomo ya Ufaransa, ambayo bado yanasambaa kama historia, yalipata nguvu kutoka kwenye riwaya ya katikati ya karne ya 20. Mwandishi wa riwaya alifanya kazi yake halali. Kosa ni la wasomaji waliosahau kwamba ilikuwa riwaya.

Anaingia kwenye maandishi kwa uhakika mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Waingereza walimkamata kusini mwa Ziwa Michigan wakimshuku kwamba anawaunga mkono maadui zao, wakampeleka kwenye ngome yao ya kaskazini. Huko hakuozea kifungoni. Baada ya muda walimkabidhi usimamizi wa shamba la ofisa wao, Patrick Sinclair, kwenye mto St. Clair. Ofisa mwingine, Arent DePeyster, alimtaja baadaye kuwa mtu mweusi mtanashati na msomi mwenye makazi yake Eschikagou, yaani Chicago. Ni mstari mmoja tu, lakini umebeba mzigo mkubwa: ofisa wa jeshi la Uingereza, asiye na sababu ya kumpamba, anamweka mtu huyu mahali hapa.

Mwaka 1788, huko Cahokia, makazi ya Wafaransa kwenye mto Mississippi, padri wa Kikatoliki alifungisha ndoa ya DuSable na Catherine, mwanamke wa Wapotawatomi, kabila la wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambaye kwa jina la kwao anatajwa kuwa Kitihawa. Ndoa hiyo ilikuwa ya kuhalalisha kanisani kile kilichokwisha kuwapo kwa mila za kina mke. Walikuwa na watoto wawili, Jean na Susanne. Mei 1790 msafiri aitwaye Hugh Heward, akiwa njiani na mitumbwi yake, alisimama kwa DuSable, akatoa kitambaa cha pamba, akapewa unga, mkate na nyama ya nguruwe. Inaonekana jambo dogo, lakini unga na mkate ni ushahidi mzito. Mwindaji anayehamahama hakuuzii mkate. Kuna shamba nyuma ya mkate, kuna kinu, kuna tanuri.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni hati ya mauzo ya Mei 1800. DuSable aliuza mali yake kwa livre 6,000, fedha ya Kifaransa ya enzi hizo, na hati inaorodhesha kilichouzwa. Nyumba ya mbao yenye urefu wa futi 40 na upana wa futi 22. Mabanda makubwa mawili. Kinu cha kusagia kinachozungushwa na farasi. Nyumba ya kuokea mikate, nyumba ya maziwa, banda la kukaushia nyama kwa moshi, banda la kuku. Ng'ombe 30, nguruwe 38, kuku 44. Ndani ya nyumba, pamoja na vyombo vingine, kulikuwa na kabati la mti wa jozi la Kifaransa lenye milango ya vioo.

Hebu lifikirie hilo kabati. Vioo vilivyosafirishwa kwa mtumbwi na kwa miguu, mamia ya kilomita, hadi kwenye ukingo wa mto ambao ramani nyingi za wakati huo ziliuonyesha kama njia ya kupita tu. Mtu hasafirishi kabati la vioo hadi mahali anapotarajia kupahama msimu ujao. Hapo ndipo hoja ya DuSable kuwa mwasisi inaposimama kwa miguu yake. Hakupiga kambi. Aliishi, akazalisha chakula cha kuuza, akalea watoto, kwa zaidi ya miaka kumi, kabla serikali yoyote haijajenga chochote hapo.

Nyumba iliyobadili wenyewe

Aliyenunua mali hiyo aliitwa Jean La Lime. Hati ilitiwa saini pia na mashahidi wawili, na mmoja wao alikuwa John Kinzie. Mtu ambaye baadaye angeitwa baba wa Chicago alikuwapo, kalamu mkononi, siku mwanzilishi wa kweli alipokabidhi funguo.

Kinzie aliichukua nyumba mwaka 1804. Ng'ambo ya mto, mwaka mmoja nyuma, jeshi la Marekani lilikuwa limejenga ngome iliyoitwa Fort Dearborn. Kinzie alikuwa mfua fedha na mchuuzi, mzaliwa wa Quebec, mwerevu na mgomvi, na alimiliki watumwa. Mwaka 1812 alipigana na La Lime karibu na ngome na kumuua kwa kisu. Akakimbia. Uchunguzi wa maofisa wa ngome uliamua kwamba alikuwa akijitetea, akarudi. Agosti mwaka huohuo vita vikaja: askari na raia waliokuwa wakiihama ngome walishambuliwa na wapiganaji wa Kipotawatomi, wengi wakauawa, ngome ikachomwa. Familia ya Kinzie ilinusurika. Alirejea mwaka 1816 na kufa mwaka 1828, miaka mitano kabla Chicago haijaandikishwa kuwa mji mdogo.

Alipataje basi kuwa baba wa jiji? Kwa njia ya kawaida kabisa: alikuwa na mkwe aliyejua kuandika. Juliette Kinzie, mke wa mwanawe, alichapisha mwaka 1856 kitabu cha kumbukumbu za maisha ya mpakani, na ndani yake ukoo wa Kinzie ndio mhimili wa kila kitu. DuSable anapewa mistari michache. Kwa haki yake, Juliette ndiye pia aliyeandika kwamba DuSable alizaliwa Saint-Domingue, na ndiye aliyetuhifadhia ule msemo wa wenyeji kwamba mzungu wa kwanza kuhamia Chicago alikuwa mtu mweusi. Aliunukuu kama kichekesho cha watu wasiojua mambo. Mimi nikiusoma naona waliousema walijua vizuri sana walichokuwa wakisema: kwao kilichomtofautisha mgeni kilikuwa biashara, nyumba na namna ya kuishi, na kwa vipimo hivyo DuSable alikuwa wa upande ule wa wageni hata kama ngozi yake ilikuwa nyeusi.

Chicago ya mwaka 1856 ilikuwa ikikua kwa kasi ya ajabu na haikuwa na nasaba. Watu waliotajirika ghafla hutafuta ukoo, na miji vilevile. Ukoo wa Kinzie ulikuwa tayari, umeandikwa vizuri na kupambwa kwa mashujaa. Picha ya nyumba ile ikawa inachapishwa kama nyumba ya Kinzie, ya kwanza Chicago, bila kusema nani aliyeijenga. Hati ya mauzo ya 1800, iliyokuwa imelala kwenye makabrasha huko Detroit, ilipatikana tena mwaka 1913. Mwaka huohuo jiji liliweka bamba dogo mahali nyumba ilipokuwa. Mchongo wa daraja unaomsifu Kinzie uliwekwa miaka 15 baadaye, uliogharimiwa na tajiri William Wrigley. Kwa maneno mengine, mwaka 1928 ukweli ulikuwa unajulikana na ulikuwa tayari umewekewa alama. Mawe yalichagua kutousikiliza.

Vipimo vitatu vya mwasisi

Tukiweka hisia pembeni, mtu anaweza kuitwa mwasisi wa mji kwa sababu tatu tofauti, na kila moja inatoa jina lake.

Ya kwanza ni makazi: nani aliyekuwa wa kwanza kukaa hapo kwa kudumu. Kwa Chicago kipimo hiki kinampa DuSable, lakini kwa sharti kwamba tuongeze maneno "asiye mwenyeji wa asili". Bila maneno hayo kipimo kinaanguka, maana Wapotawatomi walikuwapo, na kabla yao yalikuwapo makabila ya Wamiami na Wailinois. Jina Chicago lenyewe ni la lugha za wenyeji. Kila anayesema DuSable ndiye mkazi wa kwanza bila kuongeza sharti hilo anafanya kwa Wapotawatomi kile ambacho mchongo wa Kinzie ulimfanyia DuSable.

Ya pili ni sheria: nani aliyeupa mji uhai mbele ya serikali. Hapa orodha ni nyingine kabisa. Mwaka 1795, kwa mkataba wa Greenville, makabila ya eneo hilo yalilazimika kuitoa kwa Marekani ardhi ya mraba wa maili sita kwenye mdomo wa mto Chicago. Mwaka 1803 ikaja ngome. Septemba 1833 Wapotawatomi na washirika wao walitia saini mkataba wa Chicago, wakapoteza ardhi yao ya mwisho katika eneo hilo na kuhamishiwa magharibi ya mto Mississippi. Agosti mwaka huo wa 1833, wiki chache kabla ya saini hizo, Chicago iliandikishwa kuwa mji mdogo wenye wakazi mia chache. Machi 1837 ikawa jiji kamili lenye watu kama 4,000. Kwa kipimo hiki waasisi ni wanajeshi, wapimaji ardhi na madalali, na mwaka wa kuzaliwa kwa mji ni mwaka uleule wa kufukuzwa wenyewe wa ardhi.

Ya tatu ni ukuaji: nani aliyeufanya mji uwe kitu. Hapo hutajwa William Ogden, meya wa kwanza, na watu wa mfereji uliouunganisha mto Illinois na Ziwa Michigan mwaka 1848, na wa reli iliyoanza mwaka huohuo. Bila mfereji na reli, mdomo wa mto ule ungebaki kijiji cha tope.

Mji ukijenga mnara wa mwasisi, huwa umechagua kipimo kimoja na kuvinyamazia vingine viwili. Si udanganyifu, maana mnara hauwezi kusema yote. Ila uchaguzi huo haufanywi na historia. Unafanywa na walio hai, kwa sababu za wakati wao. Bendera ya Chicago ni mfano mzuri: nyota zake nyekundu nne zinawakilisha Fort Dearborn, moto mkubwa wa 1871, na maonyesho mawili ya dunia, ya 1893 na ya 1933. Bendera imechagua kipimo cha sheria na jeshi. DuSable hana nyota.

Safari ndefu ya kudai jina

Waliombeba DuSable hadi kwenye shaba ni Wamarekani weusi wa Chicago, na hasa wanawake. Kuanzia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza maelfu kwa maelfu ya watu weusi waliihama Marekani ya kusini kwenda kwenye viwanda vya Chicago, wakapokewa kama wageni wavamizi. Mwaka 1919 kulitokea ghasia za kikabila zilizoua watu 38. Katika mazingira hayo, hoja kwamba mkazi wa kwanza wa jiji alikuwa mweusi ilikuwa na makali ya kisiasa: nani mgeni hapa? Mwaka 1928, mwaka uleule wa michongo ya daraja, Annie Oliver na wenzake walianzisha chama cha kumbukumbu ya DuSable.

Chama hicho kilipata nafasi yake kwenye maonyesho ya dunia ya 1933, yaliyoadhimisha miaka mia moja ya Chicago. Waandaaji walipanga kusimulia mwanzo wa jiji kwa kujenga upya Fort Dearborn. Wanawake wale walidai nyumba ya DuSable nayo iwepo. Baada ya kampeni ndefu walikubaliwa, ikajengwa nyumba ya magogo iliyotembelewa na watu wengi sana. Ilikuwa ndogo, ya magogo, kama kibanda cha mpakani tu. Ukiilinganisha na hati ya mauzo unaona kasoro: walioitetea walipewa kibanda kumwakilisha mtu aliyekuwa na kinu, tanuri na kabati la vioo. Lakini walikitumia. Kwa watu wengi waliopita hapo, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo.

Mambo mengine yalifuata kwa kasi isiyo sawa. Shule ya sekondari ya upande wa kusini ilipewa jina lake miaka ya 1930. Jumba la makumbusho lililoanzishwa na Margaret Burroughs na wenzake mwaka 1961 lilichukua jina la DuSable mwaka 1968. Mwaka 1976 eneo la nyumba yake likawa alama ya kihistoria ya taifa. Mwaka 1987 Posta ya Marekani ilitoa stempu yake.

Mwaka huohuo wa 1987, Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, alitangaza kwamba kipande cha ardhi cha ekari tatu na kitu, mahali mto unapokutana na ziwa, kitakuwa bustani ya DuSable. Washington alifariki Novemba mwaka huo. Bustani haikujengwa. Baadaye ikagundulika kwamba udongo wake una thoriamu, madini yenye mionzi, mabaki ya kiwanda cha zamani cha vifaa vya taa za gesi. Kiwanja kikakaa wazi miongo na miongo, kimeandikwa kwenye ramani kwa jina la mwasisi na kufungwa kwa uzio. Ukitaka kujua jiji linampenda kiasi gani mtu linayesema linamuenzi, angalia bajeti.

Ndiyo maana sanamu ya 2009 ilikuja kama zawadi ya mtu binafsi. Hata baada ya kuwekwa haikupata utulivu mwingi. Julai 2011 ililetwa Pioneer Court sanamu ya muda ya Marilyn Monroe yenye urefu wa mita nane, gauni likipeperuka, ikakaa hadi Mei 2012. Watu walijipanga kupiga picha chini ya gauni hilo, na mwasisi wa jiji alikuwa pale pale uwanjani.

Barabara nayo ni mnara

Mwaka 2019 diwani David Moore alipendekeza Lake Shore Drive, ile barabara maarufu inayofuata ufukwe wa ziwa, ipewe jina la DuSable. Alisema alipanda boti ya watalii mtoni, akasikiliza maelezo ya historia ya jiji mwanzo hadi mwisho, na jina la DuSable halikutajwa.

Meya Lori Lightfoot, yeye mwenyewe mwanamke mweusi, alipinga. Hoja yake haikuwa kwamba DuSable hastahili. Alisema Lake Shore Drive ni jina linalojulikana dunia nzima na kwamba kulibadilisha kungeleta usumbufu. Badala yake alitoa mpango wa dola milioni 40 wa kuimalizia ile bustani, pamoja na sanamu zaidi na tamasha la kila mwaka. Waungaji mkono wa barabara hawakushawishika, kwa sababu unazoweza kuzikisia: bustani waliiahidiwa tangu 1987.

Juni 2021 baraza lilipiga kura 33 kwa 15, na likapatana kwa jina refu: Jean Baptiste Point DuSable Lake Shore Drive. Linahusu njia kuu tu, kama kilomita 27, na halikugusa sehemu ya ndani yenye majumba ya watu, hivyo wengi hawakulazimika kubadili anwani. Watu wa kejeli walicheka urefu wa jina. Lakini jina la barabara hufanya kazi ambayo sanamu haiwezi. Sanamu lazima uiendee. Barabara inatajwa na redio ya asubuhi ikitangaza foleni, inaandikwa kwenye mabango ya kijani, inasomwa na dereva aliyetoka jimbo jingine na hajali historia ya mtu.

Aliyeachwa nje ya shaba

Wakosoaji wa sanamu ni wa aina mbili, na si haki kuwachanganya. Kuna wanaosema kumwita DuSable mwasisi ni kumfuta Kinzie. Hoja hii ni nyepesi. Kinzie ana mtaa, ana mchongo, na hakuna aliyekana kwamba aliishi pale. Kilichokanwa ni kwamba alikuwa wa kwanza, na hilo linakanwa na saini yake mwenyewe kwenye hati ya 1800.

Aina ya pili ina uzito. Wanauliza: kwa nini kumbadilisha mwasisi mmoja kwa mwingine badala ya kuhoji wazo zima la mwasisi? DuSable alifanikiwa kwa sababu alioa ndani ya Wapotawatomi. Biashara ya manyoya ilitegemea undugu. Mgeni asiye na wakwe hakupata ngozi, hakupata njia, hakupata ulinzi. Kitihawa alikuwa ndiye daraja la biashara ile, na bila ukoo wake hakuna kinu wala kabati. Sanamu inamwonyesha mume peke yake.

Jiji lenyewe limeanza kuliona tatizo, ingawa kwa upande mwingine. Mwaka 2021, baada ya sanamu ya Columbus kuondolewa kwenye bustani ya Grant Park katikati ya maandamano ya 2020 dhidi ya ubaguzi wa rangi, tume ya jiji ilitoa orodha ya alama 41 zinazohitaji kujadiliwa upya. Gazeti na runinga zilishupalia sanamu tano za Abraham Lincoln zilizokuwamo. Kilichostahili kusikika zaidi ni kwamba michoro na michongo inayowaonyesha wenyeji wa asili kama washenzi wa kushindwa ilikuwa sehemu kubwa ya mjadala. Sanamu ya vita vya Fort Dearborn, iliyogharimiwa na George Pullman, tajiri wa mabehewa ya reli, na kuzinduliwa mwaka 1893, ilikuwa tayari imeshafungiwa ghalani tangu miaka ya 1990 kutokana na malalamiko ya aina hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba sanamu ya DuSable ibaki, na neno mwasisi libaki, kwa maana ile ya kwanza ya makazi na kwa sharti lake kuandikwa wazi kwenye jiwe: mkazi wa kwanza wa kudumu aliyetoka nje, pamoja na mkewe aliyekuwa mwenyeji. Ukiiandika hivyo hudanganyi mtu, na hupunguzi sifa yake hata kidogo.

Kuhusu yeye mwenyewe, haijulikani kwa nini aliuza na kuondoka. Alihamia St. Charles, Missouri, akafa huko Agosti 1818. Kitabu cha kanisa kilichoandika mazishi yake hakikutaja wazazi wala alikotoka, kilisema tu kwamba alikuwa mtu mweusi. Mwaka 1968 Illinois iliweka jiwe la matale mahali palipodhaniwa kuwa kaburi lake. Mwaka 2002 wataalamu walipapima kwa rada na kupachimba, wasikute mabaki yoyote ya binadamu.

Kinachosubiri sasa ni bustani na bendera. Bendera ni rahisi zaidi, haina thoriamu. Ilipitishwa mwaka 1917 ikiwa na nyota mbili. Baraza likaongeza ya tatu mwaka 1933, na ile ya Fort Dearborn ikaongezwa mwaka 1939. Mara zote hizo ilitosha kura ya madiwani.